Nakupa Mji

Usingizi wa mchana hauna adabu, unamchukua mtu hata kabla hajamaliza kukasirika. Ndivyo unavyomchukua Mwalimu Mbuke leo, kajilaza kwenye mkeka sebuleni kwake Shinyanga, simu kaizima na kuisukumia chini ya mto, maana hataki, asema hataki kabisa, kusikia sauti ya Nkwimba. Nkwimba ni bintiye wa pekee, muuguzi huko kwenye nchi ya baridi, na leo alasiri anaapa kuwa raia wa huko. Akishaapa, uraia wa hapa si wake tena. Asubuhi alipiga: mama, niambie neno moja tu kabla sijaingia ukumbini, lolote. Neno! Yeye Mbuke aliyefundisha halaiki mpaka magoti yakaisha, aliyewapanga watoto uwanjani kila sikukuu ya uhuru wakawa ramani ya nchi nzima, na Nkwimba mwenyewe kwenye skafu yake ya kijani akisimama pale ilipo Shinyanga bila kutikisika hata inzi akimtua puani. Leo huyohuyo ndiye wa kuikana. Tumbo langu mwenyewe limenisaliti, anawaza, na jicho linafumba, na mkeka unaanza kwenda.

Mkeka unakwenda, unarefuka, unakuwa barabara iliyosukwa kwa ukili, na Mbuke anaifuata pekupeku, anapita uwanja mtupu wa halaiki, anakata kona, anaupita tena uwanja uleule. Kando ya njia kasimama mtu mwenye skafu ya kijani shingoni na uso mtupu kama sinia. Samahani ndugu, njia hii inaishia wapi? Inaishia pale utakapokataa kwenda, anajibu yule, kisha papo hapo: kitendawili! Tega, mdomo wa Mbuke unasema wenyewe. Nyumba yangu haina mlango. Mbuke anacheka, lo, hilo hata mtoto wa chekechea analijua, anafungua kinywa kulijibu, na jibu halipo. Limekwenda wapi? Anajikuna kichwa, anaona haya. Ni nchi yangu, anasema kwa kishindo, haina mlango, adui hapati pa kupitia. Sivyo, mwalimu. Basi ni mpaka. Sivyo. Umeshindwa, nipe mji. Haya, desturi ni desturi, aliyeshindwa hutoa mji, na Mbuke hana choyo na mali ya watu: chukua Paris. Mbali kule upande wa kushoto taa nyingi zinazimika mara moja, na sauti za watu waliokuwa wakiongea zinakatika. Anakata kona, yuko mwingine asiye na uso, kitendawili kilekile, na jibu halipo vilevile. Chukua London. Chukua Beijing. Chukua na ule wa baridi, sijui unaitwaje, ule wenye theluji na wezi wa watoto wa watu, uchukue wote na madaraja yake! Taa zinazimika, kiza kinamsogelea, naye hageuki nyuma, anatembea kifua mbele akiimba nyimbo zake za halaiki.

Barabara inamtupa kwenye mji wa vioo. Kuta ni vioo, milango ni vioo, na kila anapotazama anaona sebule yake mwenyewe na mkeka usio na mtu. Katikati ya uwanja Nkwimba amekaa kwenye kigoda, kavaa viatu vyake vyeupe vya kazi, anabangua karanga kama alivyokuwa akibangua jikoni alipokuwa mdogo, na mbele yake amesimama yule asiye na uso. Kitendawili. Tega. Nyumba yangu haina mlango. Ah, Mbuke anashusha pumzi, hapa tumepona, hili nilimfundisha mimi akiwa kibogoyo. Nkwimba anaacha karanga. Anamtazama mama yake, macho kwa macho. Nimeshindwa, anasema. Nakupa Shinyanga.

Nkwimba! Unalijua hilo! Nalijua, mama. Unalijua na umeitoa Shinyanga? Kaburi la baba yako liko kule! Mbuke anapiga kifua, kilio kinamtoka bila staha. Umeniuza, mwanangu, umeniuza mbele ya mtu asiye na uso. Na wewe je, mama? Ule mji wangu mwingine nani kautoa? Nilikuwa ndani yake, nimelala, nimetoka zamu. Umeutoa njiani ukiimba, hata kugeuka hukugeuka. Ningempa upi tena?

Kwenye vioo, Shinyanga inazimika nyumba baada ya nyumba, na asiye na uso anasimulia kama desturi inavyotaka: basi nimekwenda Shinyanga, wamenikaribisha michembe, viazi vyao vikavu, na karanga, wamenionyesha nyumba ya mwalimu, nikabisha hodi, nikaizunguka nyumba nzima, mlango sikuuona. Jibu ni yai, mwalimu. Na yai lisipovunjwa huwa viza.

Simu inalia. Mbuke anakurupuka, jasho shingoni, ukili umemchora shavu. Aliizima, anakumbuka vizuri kabisa aliizima, na bado inalia chini ya mto, naye anaipokea. Mama, inasema sauti ya Nkwimba, nimeshaapa. Neno umeniuza liko palepale ncha ya ulimi. Analiacha hapo. Kitendawili, anasema. Sauti ndogo inajibu: tega, mama. Nyumba yangu haina mlango. Mbuke anangoja, maana anajua kwamba mwanawe anajua. Nimeshindwa, mama. Mbuke anafumba macho. Basi nipe mji. Nakupa huu wa huku, asema Nkwimba, na sasa analia waziwazi, wenye theluji, chukua wote.

Mbuke hajui kapewa au kaporwa. Lakini desturi ni desturi, aliyepewa mji sharti aende. Basi nimekwenda mji wako, anaanza, sauti inamkwaruza, baridi imenipiga mpaka mifupani, nimeiona nyumba yako, nikabisha hodi. Hapo anaisogeza simu mbali na sikio, atazame kama kweli inawaka, maana aliizima.