Kiraka cha Katikati

Uvumi ule Adventina aliupata dukani kwa Riyadhi, Nshambya, alikokwenda kununua uzi. Jirani yake Evelyne alimvuta kando.

"Mama Klaudia, ule mfarishi wa mjukuu wako una nguo ya maiti. Kiraka cha Consolata kimekatwa kwenye khanga aliyofia mkwewe. Mimi simo, nimesikia tu."

Mtu husema simo, kumbe yumo mpaka shingoni. Ila Adventina hilo hakuliona siku ile. Maneno yalimganda kama utomvu wa ndizi, kila ukiosha unazidi kuwa mweusi.

Kwa Judica, fundi wa Kagondo, wanawake tisa, Adventina na Consolata wakiwemo, walikuwa wanajifunza kushona mfarishi: viraka juu, blanketi jepesi katikati, shuka chini. Klaudia, binti pekee wa Adventina, alikuwa amejifungua huko Kamachumu alikoolewa, na kila mwanamke alitoa kiraka kwa ajili ya mtoto. Judica alikuwa na utaratibu wake. Kitambaa chako kimetoka wapi, husemi mpaka siku ya kukabidhi. Siku hiyo kila mmoja anagusa kiraka chake na kueleza. Viraka vilishaungwa, na Adventina, kwa kuwa ndiye bibi, akapewa amalizie nyumbani.

Akautandaza mkekani, akaanza kupiga bandi, ule mshono wa kushikiza tabaka zote tatu, kuanzia katikati kwenda pembeni, alivyofundishwa, ili nguo isikunjamane. Na hapo katikati ndipo kilipokaa kiraka cha Consolata, cha bluu iliyopauka, maua yake kama moshi. Kila sindano ilipopita pale, mkono ulimsita. Akawaza mtoto anakohoa. Akawaza mtoto halali. Siku ya tatu, mchana kweupe, alifunga mlango, akachukua wembe akafumua kile kiraka. Alikitupa mekoni chini ya sufuria ya ndizi, kikateketea. Mahali pake akashona kitenge kipya chekundu. Judica aliwafundisha kwamba kitambaa kipya hulowekwa kwanza kwenye maji ya chumvi, uone kama kinachuja. Adventina hakuwa na subira hiyo.

Jumamosi wakaenda Kamachumu wote. Mama mkwe wa Klaudia aliwapa kahawa za kutafuna, wakakaa, mfarishi ukatandazwa, na papo hapo mtoto akalazwa katikati, juu ya kile kitenge.

"Yee, waitu! Amependeza kama mwana wa mfalme, mtoto wa mkama!" alisema Kokushubila, mmoja wa wale washonaji, na mtoto naye akajibu kwa kukojoa.

Wakacheka. "Ameshaweka sahihi!" Klaudia akamnyanyua mwanawe, mara akapiga yowe. Mapaja ya mtoto yalikuwa mekundu.

"Si damu," Judica alisema, akiupapasa mfarishi. "Ni rangi. Nani katia kitambaa hakijalowekwa?" Wekundu ulikuwa umeshatambaa kwenye viraka vyeupe vya jirani.

Consolata alisogea, akapiga magoti. Kidole chake kilitafuta katikati, kikasimama.

"Changu kiko wapi?"

Adventina akavuta ukingo wa mfarishi. "Kilikuwa kimechakaa, Mama Datius. Kilichanika nilipokuwa nashona."

"Basi nipe hicho kilichochanika."

Hata waliokuwa wanatafuna kahawa waliacha.

"Nilikichoma," Adventina alisema, kwa sauti ambayo hata mwenyewe hakuijua. "Niliambiwa ni cha khanga ya marehemu mkweo."

Consolata hakumtazama yeye. Alimtazama Klaudia.

"Mama yako alipokuzaa aliumwa, akalazwa wiki sita. Nilikuwa nanyonyesha Datius wangu, nikakunyonyesha na wewe. Khanga niliyokubebea nimeitunza miaka ishirini na minne. Panya walikuwa wameitafuna, kikabaki kipande kile tu." Akajifuta mikono kwenye gauni, ingawa haikuwa na kitu. "Nilitaka kukuambia leo."

Klaudia alimgeukia mama yake. "Mama, kwa nini hukumuuliza?"

Adventina alitamani ardhi ipasuke. Njia mnapita wote, kanisani mnakaa benchi moja, na swali la maneno mawili lilimshinda. Alipiga magoti akaomba radhi mbele ya wakwe wa mwanawe.

"Nimesikia," Consolata alisema. Hakusema nimesamehe. Akaenda kumwosha mtoto miguu.

Mfarishi ulifuliwa mara nne na wekundu haukutoka. Adventina alikifumua kile kitenge, na pale katikati pameachwa wazi, blanketi la ndani linaonekana. Kila Alhamisi wanakutana kwa Judica. Consolata anamsalimia, kisha anakaa upande wa dirishani. Na kila mwanafunzi mgeni akija, Adventina ndiye humwambia haya, bila kuficha jina lake:

Usitie kitambaa kipya kabla ya kukiloweka kwenye maji ya chumvi.
Usianze bandi pembeni.
Usimalize kazi ya wengi huku umefunga mlango.
Usibebe neno la anayesema "mimi simo".
Usifumue kiraka cha mwenzako kabla hujamuuliza.
Ukishakifumua, usikichome.
Ukishakichoma, usiseme kilichanika.