Andika Thamani

Kila siku ya kazi, saa mbili kasorobo asubuhi, Bakhita alivuka barabara kwenda kusoma bei za watu. Duka la Kompyuta Shihab, alikoajiriwa, lilikuwa upande wa msikiti. Kompyuta Burji, mahasimu wao, walikuwa upande wa benki, dirisha likitazamana na dirisha. Bakhita alisimama mbele ya kioo cha Burji kama mtu anayengoja teksi, akazisoma kadi zote kumi na sita kwa jicho la pembeni, akarudi nazo kichwani.

Kazi hiyo alipewa kwa sababu mbili. Ya kwanza, alikuwa na haya kiasi kwamba watu walimsahau angali amesimama mbele yao. Ya pili, alikuwa na mwandiko mzuri. Mwandiko huo aliuleta kutoka Wete, alikosoma mpaka darasa la tano, kisha akaachishwa shule ili amuuguze mama yake. Mama alipofariki, Bakhita, akiwa na miaka kumi na minne, alipelekwa Muscat kwa dada wa marehemu, Bi Sayyida. Alisafiri na bangili nane za dhahabu za mama yake, zimeshonewa ndani ya pindo la gauni. Bi Sayyida alizifumua, akazitia katika kopo la biskuti, akasema: "Zitakaa humu mpaka siku yako."

Sasa ulikuwa mwaka tisini na saba, Bakhita alikuwa na miaka ishirini, na bangili zilikuwa bado koponi.

Mwenye duka, Msellem, hakupenda bei zilizochapwa na mashine, ingawa mashine ndizo alizokuwa akiuza. "Bei ikiandikwa kwa mkono," alisema, "inaonekana imefikiriwa." Bakhita akirudi, alimtajia bei za Burji moja baada ya moja, naye Msellem akatoa riyali tano katika kila moja, Bakhita akaandika kadi mpya. Adhuhuri Burji nao walishusha. Watu wa mtaa ule wa Ruwi walipita wakilinganisha madirisha mawili, wakajisikia wanatunzwa.

Siku moja Msellem alikuwa kwenye simu na benki, anazungumza Kiarabu. Aliziba simu kwa kiganja akasema: "Bakhita, ile ya mwisho iteremshe. Andika thamania."

Thamania kwa Kiarabu ni nane. Alitaka bei ipungue riyali nane. Lakini Kiarabu cha Bakhita kilikuwa cha televisheni, maana nyumbani walisema Kiswahili na dukani walisema Kiswahili, na mkia wa neno ulimezwa na simu. Yeye alisikia thamani. Aliona ajabu kidogo, kwa sababu kadi zote za dukani ziliandikwa Bei, lakini hakuwa mtu wa kuuliza mara mbili. Alichukua kadi mpya, akaandika juu kwa herufi kubwa: THAMANI. Akaweka kalamu chini ya neno hilo, na kalamu ikaandika 112.

Kompyuta hiyo ilikuwa ikiuzwa riyali 389.

"Nimekwambia thamania," alisema Msellem alipoweka simu. "Nane. Nani kakwambia thamani?"

"Nimesikia thamani, Ami."

"Basi andika tena."

Bakhita alikusudia kuandika Bei 381. Mkono ukaandika Thamani 112. Alijaribu kwa penseli, ikawa vilevile. Alijaribu kwa mkono wa kushoto. Mwandiko ulikuwa mbaya, namba ilikuwa ileile. Msellem alichukua kalamu mwenyewe akaandika 381 bila taabu.

"Kalamu nzima," alisema. "Mkono ndio uliolishika neno." Aliyasema hayo kama mtu anayeeleza kwa nini droo imekwama.

Rufus, fundi wao Mkenya, alitoka chumba cha nyuma na bisibisi mfukoni. Aliisoma kadi.

"Mia moja na kumi na mbili. Iko sawa, mudir. Hiyo ni vipuri, stima na mkono wangu. Hata skrubu ameweka."

"Nani kakuuliza?"

"Hakuna."

Msellem alimtuma Bakhita ng'ambo ya barabara na kadi tupu, akaandike thamani za Burji. Alirudi na 112. Msellem hakushtuka, na Rufus, ambaye alikuwa akifungua kompyuta ya mteja, alieleza bila kuinua kichwa.

"Si zote zinatoka meza moja kwa karakana kule Ghala? Asubuhi kabla nikuje hapa mimi hukaza kifuniko iko na nyota, jioni nakaza ile iko na mnara. Ya nyota inakuja hapa, ya mnara inaenda kwa Aflah."

Aflah ndiye aliyekuwa mwenye Burji. Bakhita alimtazama Msellem.

"Aflah rafiki yangu tangu tuko shule Unguja," alisema Msellem. "Watu wanapenda kulinganisha, mwanangu. Mtu ukimpa duka moja anahisi anaibiwa. Ukimpa mawili anajiona mjanja."

Tangu siku hiyo Msellem aliandika bei mwenyewe, na kadi za Bakhita hakuzitupa, kwa kuwa mwandiko ulipendeza. Dirishani kila kompyuta ilikuwa na kadi mbili: kulia bei, kushoto thamani. Wateja walisoma kadi zote mbili, wakatikisa kichwa, wakalipa ya kulia. Mwalimu mmoja aliomba alipe ya kushoto. Aliambiwa kwamba risiti za kushoto hazijachapishwa, akalipa ya kulia. Mauzo yaliongezeka, maana watu walisema Shihab hawafichi kitu. Baada ya wiki mbili Aflah naye alimwomba Bakhita kwa siku za Jumanne, ili Burji wasionekane wanaficha.

Majirani wa Bi Sayyida walianza kuja na vitu vyao: sufuria, pafyumu, seti ya vikombe aliyoletewa bibi harusi. Bakhita aliandika. Mahari moja ilirudishwa. Bi Sayyida akasema mkono ufanye kazi dukani, nyumbani upumzike.

Mwaka ulipokaribia kwisha, mji mzima ulikuwa unanunua hisa. Wauza samaki wa Quriyat walinunua, na mabibi waliokuwa hawajui benki iko wapi walinunua. Shihab na Burji walitangaza kwamba nao watawauzia watu hisa, kila kampuni hisa milioni tano, kila hisa riyali moja. Gazeti liliziweka kampuni mbili ubavu kwa ubavu, likalinganisha mauzo, madirisha na matumaini. Mabarazani watu waligawanyika. Wa nyota hawakutaka kuwasikia wa mnara.

Bi Sayyida alikuwa wa nyota. "Duka la mwanangu hilo," alisema. Jumamosi hiyo, wakati wa chai ya alasiri, alilishusha kopo la biskuti kutoka juu ya kabati.

"Mama mkubwa," alisema Bakhita. "Hizo za mama."

"Ndiyo za mama. Nazipeleka kwa sonara Matrah Jumatatu, ninunue hisa. Nane hizi zitarudi thamanini, utavaa mpaka mabegani."

"Mie nazitaka hizi."

Bi Sayyida alikuwa anatafuta sukari, hakusikia.

Bakhita hakulala akilia. Alikaa akifikiri kwamba ana siku moja. Jumapili adhuhuri, Msellem alipokwenda kuswali, alichukua kadi akaandika juu: KOMPYUTA SHIHAB YOTE. THAMANI. Kalamu ikaandika riyali 41,300. Alikuwa bado anapuliza wino ukauke alipoona namba inateremka. Ilishuka mpaka 600 ikasimama. Aliangalia huku na huku. Duka lilikuwa lilelile, ila Rufus ametoka kwenda kula. Rufus aliporudi na kijiti mdomoni, namba ilipanda tena ikafika 41,300.

Bakhita alimwonyesha.

"Hiyo yote ni mimi?"

"Isipokuwa mia sita. Hizo nadhani viti."

Rufus alihesabu kwa vidole. "Na mimi hulipwa sabini kwa mwezi. Aki hii kampuni inakula chapati." Kisha akasema: "Pasipoti yangu iko kwa sefu ya mudir, mwaka wa nne. Niandikie thamani ya hiyo."

Bakhita aliweka kalamu juu ya kadi. Kalamu haikwenda. Ilikaa hapohapo, wino ukavuja ukawa doa jeusi lenye ukubwa wa senti. Rufus aliichukua kadi ile, akaitia mfuko wa shati, karibu na bisibisi.

Halafu Bakhita aliandika kadi ya hisa moja. Ilitoka baisa 8, wakati riyali moja ina baisa elfu. Aliandika na ya hisa moja ya Burji. Ilitoka 8. Alizifunga kadi zote katika leso akaenda nazo nyumbani.

Bi Sayyida alivaa miwani, akazisoma moja moja chini ya taa.

"Mwandiko mashaallah."

"Baisa nane, mama mkubwa. Wanauza riyali."

"Nimeona."

"Na Rufus akenda kula haifiki hata baisa moja."

"Nimeona, Bakhita. We unadhani sie wajinga? Thamani tunaijua mtaa mzima. Jirani Nasriya anaijua, na kauza gari anunue hisa. Thamani haipandi, mwanangu, thamani imekaa tu. Bei ndo inayopanda. Sie tunanunua bei."

Kulipopambazuka Jumatatu, Bakhita alilifukia kopo ndani ya gunia la mchele. Bi Sayyida alikuwa na wageni mchana huo, akachota mchele wa biriani, kopo likatoka. Hakugomba. Alilifuta vumbi akajifunga ushungi. Bakhita alisimama mlangoni na kwa mara ya kwanza katika nyumba ile alisema "Sitaki" kwa sauti ya kusikika. Bi Sayyida aligeuka kutazama nani kaingia. Hakuona mgeni yeyote, akampita Bakhita pembeni, akasimamisha teksi.

Hisa zilipanda. Mwezi wa pili zilikuwa riyali mbili, wa tatu zikawa riyali tatu na nusu, na Bi Sayyida alikuwa tajiri wa karatasi aliyoipigia pasi akaiweka chini ya godoro. Katika mwezi huo wa tatu Msellem na Aflah waliuza zao, kimyakimya, siku moja. Baada ya hapo hisa zilianza kushuka, kwanza polepole kama mtu mzima ngazini, kisha kama ndoo. Mwaka uliofuata, Jumatano moja, bei ya hisa ilifika baisa 8.

Msellem aliinama dirishani, akatazama kadi mbili za hisa, ya kulia na ya kushoto, ambazo Bakhita alikuwa ameziweka hapo.

"Leo zimelingana," alisema.

Siku hiyo hakuna aliyekuja kununua.

Bi Sayyida hakumlaumu mtu. "Tulinunua bei," aliwaambia majirani, "na bei imekwenda zake." Walikubaliana naye wote, wakanywa kahawa. Msellem na Aflah walifungua duka la tatu hatua chache mbele, Kompyuta Qamar, na watu wakapata madirisha matatu ya kulinganisha. Kule Ghala, Rufus akaongezewa kukaza vifuniko vyenye alama ya mwezi, vya Qamar. Mshahara ulibaki sabini, na sefu ilibaki imefungwa.

Bakhita alikwenda Matrah Alhamisi. Aliingia duka la Ishaq, sonara aliyezinunua bangili. Zilikuwa zimo dirishani zote nane, na bei kwa mizani ilikuwa riyali mia mbili na sabini. Bakhita alikuwa na riyali thelathini na moja.

"Mtindo wa kizamani huo," alisema Ishaq. "Hautoki. Wiki ijayo naziyayusha."

Uso wa Bakhita uliwaka kwa haya, lakini miguu hakuiondoa. "Ami Ishaq, nikuandikie kadi? Yako haisomeki."

Ishaq aliitazama kadi yake, akaona ni kweli. Alimpa kalamu. Bakhita aliandika THAMANI, na mkono ukaenda bila kusita: riyali 8,000.

"Kwa mizani ni mia mbili na sabini," alisema Ishaq.

"Hiyo bei, Ami."

"Na hii thamani."

"Ndiyo."

Ishaq alikuwa mtu wa mizani kwa miaka arobaini, na hakuweza kutia motoni kitu cha elfu nane apate mia mbili na sabini. Aliiweka kadi ya Bakhita mbele ya bangili, ya kwake akaitupa.

"Lakini mie nshaiweka," alisema. "Na wewe utanunua kwa kadi hiihii."

"Nnajua."

Tangu hapo alikwenda kila Alhamisi jioni. Wageni wa melini walisimama dirishani, wakasoma, wakacheka, wakaenda kununua ubani. Bangili zilikaa. Bakhita alikuwa na miaka ishirini na miwili. Alipiga hesabu akirudi nyumbani: akiweka riyali ishirini kila mwezi, atazitoa akiwa na miaka hamsini na mitano na miezi minne. Alirudia hesabu kuhakikisha, akaona ni sawa. Alinunua kopo jipya la biskuti, akala biskuti, akatia riyali ishirini za kwanza.

Jumamosi, saa mbili kasorobo, alivuka barabara kwenda kusoma bei za watu. Sasa alitoka nyumbani mapema kidogo, kwa sababu ya lile dirisha la tatu.