Maziwa ya Saa Nane Usiku

Wifi yangu alikuwa akisomea uzamivu, na mume wangu hakuchoka kulichezea neno hilo. "Jina lenyewe linajieleza," alimwambia kila alipomkuta ameinamia kompyuta. "Umezama, mdogo wangu. Tuko ufukoni tunangoja uibuke." Wifi alimjibu kwamba wanaobaki ufukoni kazi yao ni kulinda nguo za wenzao, basi akaanue. Tuliishi naye, chumba cha pili, yeye na vitabu vyake na kitanda cha mwanangu, maana mtoto aliamua tangu mapema kwamba usingizi mtamu uko kwa shangazi.

Kazi yake niliielewa kwa kiasi. Alinieleza kwamba kila chembe ya mwili ina maagizo yaliyoandikwa kwa herufi nne tu, zinazojirudia mamilioni ya mara, na agizo moja ndilo jeni. Kuna majeni yanayoamka mchana na yanayoamka usiku. Watu wa maabara huzichukua zile herufi kutoka kwenye damu au maziwa, kisha humletea yeye, naye huzipanga kwa kompyuta mpaka zitoe maana. Hiyo ndiyo bioinfomatiki. "Ni kupepeta, wifi," alisema. "Ila ungo huuoni na nafaka huioni, na ukikosea, pumba zinakaa sahani moja na chakula."

Tasnifu yake ilihusu maziwa ya mama. Wanawake wa zahanati mbili walitoa maziwa mara nne kwa siku: asubuhi, mchana, jioni na usiku wa manane. Mimi nilikuwa mmoja wao, kwa kuwa zahanati mojawapo ndiyo ya mtaani kwetu. Vichupa havikuwa na majina, vilikuwa na namba. Yangu ilikuwa mia moja na saba, nami sikuisahau kwa sababu ndiyo namba ya mlango wetu.

Katika maziwa hayo wifi aliona jambo ambalo halijawahi kuandikwa. Kwa akina mama wa zahanati ya ng'ambo, majeni ya usiku yaliamka usiku, kama yalivyoumbwa. Kwa sisi wa mtaani kwetu yaliamka asubuhi. Kundi zima lilikuwa limekwenda kinyume, akaliita Waliogeuka. Akatafuta sababu, akaipata: kiwanda kilicho nyuma ya nyumba zetu, ambacho taa zake hazizimwi usiku kucha. Sura nzima ya tasnifu aliiandika juu ya taa hizo. Profesa, msimamizi wake, mtu ambaye hata salamu aliipima kabla ya kuitoa, aliposoma sura ile alimpigia simu siku ya mapumziko kumwambia tu kwamba ameisoma mara mbili. Tangu hapo alikuwa ameisimulia katika mikutano ya wataalamu. Jumatatu wifi angesimama mbele ya jopo. Wakiridhika, angeruhusiwa kuwasilisha tasnifu, na baada ya hapo shahada ingekuwa suala la muda.

Jumamosi mchana nilikuwa sebuleni nakunja nepi. Wifi akaweka kompyuta juu ya meza, akaielekeza kwangu.

"Wifi, jifanye jopo."

"Jopo linakunja nepi?"

"Jopo linafanya mabaya kuliko hayo. Nisikilize tu, nikienda mbio niambie."

Akaanza. Alisema vizuri, kwa sauti ya kutulia, na picha zake zilikuwa safi: mstari wa buluu wa zahanati ya ng'ambo unapanda usiku na kushuka asubuhi, na mstari mwekundu wa kwetu unafanya kinyume chake. Mtoto alikuwa amelala mapajani mwangu. Nilijisikia fahari kama mimi ndiye niliyeuzaa ule mstari, na kwa sehemu ni kweli.

"Na huyu sasa," akagusa nukta moja nyekundu, "ndiye kipenzi changu. Mia moja na saba. Tazama maziwa yake ya saa nane usiku. Utadhani jua limeshachomoza."

"Mia moja na saba ni mimi."

Akaziba masikio. "Sijasikia. Sitakiwi kujua namba ni ya nani."

"Basi hujasikia. Lakini huyo mia moja na saba hakutoa maziwa ya usiku."

"Alitoa. Hii hapa."

"Usiku ule mtoto alikuwa na homa. Nesi mwenyewe alinipigia, akaniambia niache. Nilitoa mara tatu tu."

"Mara tatu ni sawa, ninazo tatu." Aliinama kwenye skrini. "Ila kilichokosekana ni cha asubuhi, si cha usiku."

"Cha asubuhi nilikitoa palepale zahanati, kwenye kile kiti cha dirishani. Jua lilinipiga usoni nikamwomba nesi avute pazia. Ilikuwa saa mbili."

Wifi aliondoa kidole kwenye skrini. Nilidhani nimemvurugia mazoezi, nikataka kurudisha maneno yangu. "Labda nimechanganya mimi, wifi. Siku zile kichwa changu chenyewe kilikuwa kimevurugika."

"Saa mbili," akasema.

"Ndiyo."

"Saa mbili asubuhi." Akanyoosha kidole, akabonyeza hewani, mara moja, kisha mara ya pili. "Mbili. Halafu AM."

Akakaa juu ya rundo la nepi nilizokwisha kunja. Sikumwambia anyanyuke. Midomo yake ilikuwa ikitembea bila sauti kama mtu anayehesabu.

Mimi nilichelewa kuelewa, ikabidi aniambie. Wakati wa kukusanya maziwa yeye ndiye aliyeunda fomu iliyowekwa kwenye vishikwambi vya manesi: unachagua namba ya saa, kisha unabonyeza AM au PM. Mashine huanza kuhesabu siku katikati ya usiku. Mbili ya AM, kwa mashine, ni saa nane usiku. Na nane ya AM ndiyo saa mbili asubuhi yetu. Nesi akiweka saa kama tunavyozitamka, asubuhi inakwenda kukaa mahali pa usiku wa manane, na usiku wa manane unakuja kukaa mahali pa asubuhi. Mchana na jioni navyo vinabadilishana vivyo hivyo. Na hakuna namba hata moja itakayoonekana ya ajabu, kwa sababu mbili na nane zote zilikuwa zinangojewa.

"Inawezekana ni siku yako tu," alisema. "Inawezekana aliteleza mara moja."

Akampigia nesi, akaweka sauti ya nje. Nesi wa zahanati yetu ni mama mtu mzima, mwenye utani na kila mjamzito. Alifurahi kuisikia sauti yake. "Mwanangu! Udaktari umeiva?"

"Unaiva, mama. Nina swali dogo. Wale akina mama wa asubuhi, kwenye kishikwambi ulikuwa unaweka saa ngapi?"

"Saa mbili."

"Saa mbili ipi, mama?"

Nesi akacheka. "Saa mbili ni saa mbili, mwanangu. Kwani kuna ngapi?"

Wifi alimshukuru kwa adabu, akamuulizia wajukuu, akakata simu. Kisha akampigia karani wa zahanati ya ng'ambo. Kijana yule alisema yeye alinakili saa kama ilivyoonekana kwenye simu yake, hakutaka kuumiza kichwa.

Baada ya hapo ilibaki kazi ndogo sana, na nadhani udogo wake ndio uliotutisha. Wifi aliandika mstari mmoja wa maagizo kwenye kompyuta, akabonyeza. Picha ikajichora upya. Ule mstari mwekundu, wenye sura yake nzima na taa zake za kiwanda, ukainuka, ukageuka, ukaenda kulala juu ya ule wa buluu. Ukabaki mlima mmoja. Akina mama wote wa zahanati zote mbili walikuwa sawasawa, kama wanawake wa kila mahali ambao vitabu vilishawaandika zamani. Picha ilikuwa nzuri kuliko ya kwanza. Sikuthubutu kusema.

"Hawapo," alisema wifi. "Waliogeuka hawapo. Hawakuwahi kuwapo."

Mume wangu aliporudi alitukuta hivyo hivyo, chai imepoa na nepi hazijakunjwa. Tukamweleza. Kwanza alicheka, akidhani tunamtania. Kisha akavuta kiti.

"Nani mwingine anajua?"

"Sisi watatu," wifi akamjibu.

"Basi sikiliza. Jumatatu nenda kasome ulichoandika. Chukua shahada yako. Mengine utayarekebisha ukiwa na kofia kichwani. Profesa wako hakuona, jopo halitaona."

"Kaka, mficha uchi hazai."

"Mimi sikwambii ufiche. Nakwambia ungoje."

"Ningojee nini? Mtu mwingine asome habari za taa, akahamishe akina mama?" Kaka yake akamtazama, na jioni ile akaosha vyombo bila kuambiwa.

Jumapili wifi alimpigia Profesa. Alizungumza akiwa amesimama katikati ya chumba, mkono mmoja kwenye kitanda cha mtoto. Alipomaliza kueleza, akaweka sauti ya nje. Profesa alisema, "Nilipaswa kuuliza kwa nini wote wametoka zahanati moja." Kisha akasema, "Kesho njoo. Waambie wewe."

Jumatatu asubuhi nilimfunga mwanangu mgongoni nikaenda na wifi, kwa sababu mlango wa kikao ulikuwa wazi kwa anayetaka kusikiliza. Kilikuwa chumba cha kawaida, viti vya plastiki, ubao mweupe uliosuguliwa vibaya, na kiyoyozi kinachodondosha maji kwenye ndoo. Jopo lilikuwa na watu watatu: mama mmoja mwenye miwani, aliyekuwa mwenyekiti, bwana mnene wa idara ya hesabu, na mtafiti wa dawa, mrefu, anayeandika kila kitu. Profesa alikaa pembeni, mikono magotini.

Wifi alionyesha picha ya kwanza, ile ya mistari miwili. Wakaitikia kwa vichwa. Kisha akasema, "Picha hii si kweli," na akaweka ya pili.

Bwana wa hesabu alidhani amesikia vibaya, akaomba arudie. Wifi akarudia. Akawaeleza mbili na nane, AM na PM, nesi na karani. Mwenyekiti alivua miwani.

"Fomu hiyo aliiunda nani?"

"Mimi."

"Na wewe nyumbani unasema saa mbili au saa nane?"

"Saa mbili, tangu nilipoanza kusema. Ila nikikaa mbele ya kompyuta nageuza kichwani bila kujijua. Nikasahau kwamba nageuza. Nikadhani kila mtu anageuza."

Mtu mmoja nyuma alicheka, kisha akaona anacheka peke yake.

Hapo ndipo nilipomwona yule mtafiti wa dawa. Alikuwa ameacha kuandika.

"Samahani," alisema. "Fomu hii ndiyo ile uliyotugawia idara nzima?"

"Ndiyo. Mlisema inarahisisha kazi."

"Sisi tuliichukua." Akaivuta kompyuta yake. "Wagonjwa wetu wa presha. Saa za kumeza vidonge. Tumegundua kwamba dawa inafanya kazi vizuri zaidi ikimezwa usiku wa manane." Akawatazama wenzake mmoja mmoja, kama anayetafuta wa kumwambia kwamba sivyo. "Mwezi ujao tunaanza kuwahamisha. Tutawaamsha watu usiku."

Mwenyekiti akasimama, akaomba wasikilizaji tutoke.

Tulisimama kwenye korido, wifi, mimi na mtoto. Mwanangu alikuwa ameamka, akavuta hereni ya shangazi yake, shangazi akamwacha avute. Niliogopa kwamba nikimwambia pole atalia, na nikimwambia hongera nitamtukana.

Walipomwita aliingia peke yake, akatoka mapema. Sura ya tatu, ile ya taa, imefutwa. Hawezi kuwasilisha mwaka huu. Aandike upya kwa data iliyosahihishwa, na kwanza awaandikie wote waliochukua fomu yake.

"Wamekufukuza?" niliuliza, maana uso wake sikuuelewa.

"Hapana. Wamesema nimalize." Alikuwa kama mtu aliyeshuka kwenye mti na bado anapapasa ardhi kwa mguu. "Mwaka mzima, wifi. Nitawakalieni mwaka mzima mwingine."

"Ukae mitano. Nani atamlaza huyu?"

Mlango ukafunguka. Mtafiti wa dawa alitoka akiwa ameikumbatia kompyuta yake, wazi, waya unaburuta sakafuni. Hakutusalimu. "Tafadhali," alimwambia wifi, "hebu tazama. Wagonjwa wa kliniki tatu. Sijui ni ipi imejaza vipi. Nitajuaje?"

Wifi akatazama skrini. Niliona macho yake yakianza kusoma, yakishuka mstari kwa mstari, na mabega yakitulia.

"Tafuta mtu ambaye huna shaka alikuwa wapi, na saa ngapi," alisema. "Mmoja tu katika kila kliniki. Una namba za simu za manesi?"

"Ninazo."

"Wifi, tangulieni nyumbani. Usiningoje kula."

Wakakaa kwenye ngazi za korido, kwa kuwa viti havikuwapo, kompyuta magotini mwa wifi. Nilishuka taratibu na mwanangu. Nilipogeuka kule chini, bwana wa hesabu naye alikuwa ametoka, ameinama nyuma yao, na Profesa amepiga goti kwenye sakafu anatafuta pa kuchomeka waya.