Magurudumu Yaliyonyooka

Mimi kwa kaka yangu sibishi hodi. Nasukuma mlango, naingia na kelele zangu, na wifi ananijibu kutoka jikoni. Alhamisi ile jikoni hakukuwa na mtu. Nilimkuta wifi amekaa kwenye meza ya kaka pale dirishani, amevaa miwani ya kaka ya kukuzia, ameshika kisu chembamba, anabandua gurudumu la kifaru.

Kifaru cha plastiki, jamani, kinachoenea kwenye kiganja. Kaka ameunda vitu hivi tangu ujana wake: ndege za kivita, vifaru, malori ya jeshi. Vinakuja kwenye boksi vipande vipande, unakata, unapiga msasa, unaunga, unapaka rangi. Wenzake wana mpira, yeye ana vifaru. Na meza ile haiguswi na mtu. Hata vumbi lake analifuta mwenyewe.

"Wifi, umechoka kuishi?" nikamwuliza.

"Funga mlango," akasema.

Nikaufunga. Akatia tone la gundi kwa ncha ya brashi, akalirudisha gurudumu mahali pake, akalitazama kwa jicho moja mpaka likanyooka na wenzake. Mikono yake imetulia tuli. Mengine matatu yalikuwa bado yamelala upande, gundi imefurika pembeni.

"Aliyaweka jana," akasema bila kunitazama. "Yako hivi. Yote huwa hivi."

Nikakaa chini.

Mwanzoni mwa mwaka kaka alipigwa na kiharusi, kikamwachia mkono wa kulia wa ajabu: akitulia, nao umetulia, ukikikaribia kitu kidogo tu, unaanza kutetemeka. Daktari wa mazoezi akamwambia arudi kwenye vifaru vyake, vitamsaidia. Na sote tukaona maajabu. Kila wiki kitu kipya rafuni, kimenyooka, kisafi, na kaka kifua mbele. Chai alikuwa bado anainywa kwa mkono wa kushoto, lakini tulijiambia ni mazoea. Tulitaka kuamini, basi tukaamini.

"Lile lori la kwanza lilikuwa limepinda," wifi akasema. "Alilisukuma mbali, akasusa kula, akageukia ukutani. Alipolala mchana nikalinyoosha. Alivyoamka akalitazama, akacheka, akaniomba chakula. Wifi, alikuwa hajanichekea tangu hospitali. Ningefanyaje?"

"Ungemwambia!"

"Mwambie wewe, kama una moyo huo."

Hasira zikanipanda mpaka masikioni, kwa sababu Jumatatu kaka alikuwa anarudi kazini. Kaka ni dereva wa kreni kwenye ujenzi. Daktari wa kampuni alimpima presha, akamwambia akaze ngumi, akaridhika. Msimamizi wake, rafiki yake wa siku nyingi, alikuja kutembea, akaviona vile vitu rafuni, akasema mkono unaofanya haya hauwezi kushindwa na kreni. Na chini ya kreni ile, anayefunga nondo kwenye ndoano na kuzishikilia zisiyumbe, ni mume wangu. Baba wa watoto wangu mapacha.

"Mpaka Jumamosi," nikamwambia. "Usipomwambia wewe, nitasema mimi, na unajua mdomo wangu hauna breki."

Alinishika mkono kunisihi. Nikautoa.

Jumamosi nilikwenda mapema. Msimamizi alishafika, amekaa kwenye kochi, kofia ngumu ya kaka ya kazini iko mapajani mwake; amemletea mwenyewe, kwa heshima. Wifi aliingia na sinia la chai, nikamtazama, akatikisa kichwa kidogo. Hakuwa amesema.

Kaka alikuwa anang'aa. "Mdogo wangu, njoo uone!" Mezani palikuwa na ndege ya kivita ya kijani, kifuniko cha rubani kinameta kama glasi. Iliyobaki ni antena tu: uzi wa kutoka mlingoti mdogo nyuma ya rubani mpaka mkiani.

Kumwambia mbele ya rafiki yake ni kumvua nguo. Kunyamaza ni kumpeleka mume wangu chini ya ndoano.

"Kaka," nikasema, "mbona antena hujaiweka? Iweke, msimamizi aone."

Wifi akaweka sinia kwa kishindo. "Kaka yako amechoka."

"Nimechoka nini?" Kaka akacheka. "Nyie wanawake, sogeeni."

Akawasha mshumaa. Akachukua kijiti cha plastiki kilichobaki kwenye fremu vipande vilikokatwa, akakipasha juu ya mwali mpaka kikalegea, akavuta ncha mbili, kikawa uzi mwembamba kuliko unywele. Kuvuta hakukumshinda, kunataka mikono miwili na pumzi tu. Msimamizi akasema, "Aisee!" Nikaanza kujiuliza, je, kama nimekosea?

Akakata uzi, akaushika kwa kibano, akachovya ncha kwenye gundi kali. Mkono ukaiendea ndege. Ulikwenda vizuri, taratibu, na ulipokaribia mlingoti ukaanza. Kwanza kidole. Kisha kiganja kizima.

"Subiri," kaka akasema, kama anauambia mkono.

Akarudi nyuma, akavuta pumzi, akaenda tena. Msimamizi alikuwa amesimama, chai mkononi, hainywi. Kibano kikagonga mlingoti, ukavunjika, na tone la gundi likadondokea kifuniko cha rubani. Papo hapo ile plastiki angavu ikaingia ukungu mweupe.

"Hapana," kaka akasema. "Juzijuzi tu niliweka magurudumu ya kifaru. Manne. Mmeyaona."

Akainua macho kwa mkewe, na wifi maskini, uso wake hakuwa na pa kuuficha.

"Ni wewe," akasema.

"Nisamehe, baba."

"Yote?"

"Yote."

Akanigeukia mimi. "Na wewe ulijua. Ukanikalisha hapa niaibike mbele ya watu."

"Mume wangu anasimama chini ya ndoano yako, kaka!" Nilikuwa nalia, sauti inapasuka. "Ungetaka nimwambie nini? Atuage mimi na wanawe?"

Msimamizi akakohoa. Kofia ile hakujua aiweke wapi. "Bwana, haya ni mambo ya plastiki tu. Kreni ina gia, ina breki. Tukupe mizigo midogo midogo kwanza, tuone..."

"Tuonee juu ya kichwa cha nani?" kaka akamkatiza. "Chukua kofia yako. Tafuta dereva."

Alimsindikiza kwa macho mpaka mlangoni. Kisha akainuka, taratibu, akavuta kiti chake mbali kidogo na meza. "Kaa," akamwambia mkewe.

Wifi hakusogea. Nadhani alidhani atapigiwa kelele, nami nilidhani hivyo.

"Kaa, nasema. Chonga mlingoti mwingine. Nataka nione unavyofanya."

Wifi akakaa. Akavaa ile miwani, machozi yanachuruzika ndani yake, akayapangusa kwa kanga, akaanza. Kaka alisimama nyuma yake, ameuficha mkono wa kulia ndani ya kwapa la kushoto, ameubana. "Gundi kidogo," alisema. "Kidogo zaidi. Sasa usipumue." Uzi ukaingia mahali pake mara moja. Kaka akautazama muda mrefu, midomo inamcheza, kisha akalia kwa sauti, kaka yangu ambaye hata mazikoni kwa mama hakulia.

Nikakusanya vikombe, kwa kuwa sikujua kingine cha kufanya. Nilipofika mlangoni akaniita, bila kugeuka.

"Mwambie shemeji, dereva wa Jumatatu atakuwa mgeni, hajaizoea mashine ile. Asisimame karibu na mzigo mpaka amjue."

"Nitamwambia," nikasema.

"Mwambie leo leo," akasema.