Mseto wa Thirza Una Ramu

Thirza Bewley alikuwa ametumbukiza mikono yote miwili ndani ya beseni la matufaha pale wifi yake alipoingia bila hodi, akavua kofia, akaiweka mezani mahali pakavu, kisha akasema kwamba mwaka huu ramu haitiwi.

"Haitiwi wapi?" Thirza akauliza, ingawa alishaelewa.

"Humo. Kwenye mseto wa kanisa. Wazee wamekaa, wameamua."

"Wazee wameliamulia beseni langu?"

"Wameiamulia meza ya kanisa, wifi. Usianze."

Lakini Thirza alikuwa ameshaanza. Alikung'uta mikono, akachukua kisu, akaendelea kukatakata matufaha kwa kishindo ambacho matufaha hayakukihitaji. Wifi yake Dinah alikuwa dada wa marehemu mumewe, mwanamke mwembamba asiyeolewa, aliyeweka nadhiri tangu usichana kwamba pombe haitapita mdomoni mwake. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa tu na tabia ya kuingia jikoni kwa watu na maneno ya wengine.

Pale Harrabeck, bonde la wachonga mawe huko Cumberland, kaskazini mwa Uingereza, kila nyumba ilikuwa na mseto wake wa Krismasi. Wenyewe wanauita nyama ya kusaga mpaka leo, ingawa nyama ilitoka mtungini tangu enzi za bibi zao, yakabaki mafuta ya figo ya ng'ombe peke yake. Mengine ni matufaha, zabibu kavu, maganda ya machungwa yaliyopikwa kwa sukari, kungumanga, karafuu, na ramu, pombe kali ya miwa iliyoletwa na meli tangu zamani hata watu wakaiona kama mazao ya shamba lao. Unachanganywa wakati majani ya miti yanapoanza kupukutika, unafunikwa, unaachwa usahaulike, na Krismasi ikifika unatiwa ndani ya pai ndogo ndogo. Kanisa lao lilikuwa la watu wasioonja hata tone la pombe. Na kila mwaka, kwenye chai ya Krismasi ya kanisa, watu hao hao walikula pai za Thirza mpaka sinia likabaki makombo, wakajifuta midomo, wakasifu karafuu.

Thirza hakuwa na ugomvi na unafiki huo. Mradi watu wanakula, wasifu wanachotaka.

"Na nikikataa?" akauliza.

Dinah akaangalia dirishani. "Bwana Relph anasema hutasimama na kwaya."

Kisu kikatulia. Isaac Relph alikuwa mzee wa kanisa na ndiye aliyeongoza kwaya. Tangu kijana wa akina Fearon alipookotwa mtaroni amelewa chakari, Relph alikuwa amewaka moto, anafukuza pombe hata mahali ambapo haikujificha. Lakini kwaya! Thirza aliimba sauti ya pili tangu nywele zake zikiwa zimesukwa mikia miwili. Mumewe Lanty alipolewa, Thirza aliimba. Lanty alipokutwa kijitoni amekufa, usiku wa barafu, akitoka baa, aliimba Jumapili iliyofuata. Kila mahali pengine kijijini alikuwa mjane wa mlevi, watu wakimpunguzia sauti dukani. Kwenye safu ya pili ya kwaya alikuwa Thirza tu, na wengine wakimsikiliza yeye ili wasipotee.

"Tia chai baridi," Dinah akasema kwa upole. "Inakolea rangi ileile. Nani atajua?"

"Mimi."

Akaenda kabatini, akatoa chupa, akang'oa kizibo, akamimina. Hakumimina kwa hasira, alimimina kama alivyofundishwa na mama yake, akizunguka beseni polepole ili kila zabibu ipate. Harufu ikapanda mpaka kwenye dari.

"Kawaambie umeona kwa macho yako," akasema.

"Wewe mwanamke una kichwa kigumu kama jabali!" Dinah akachukua kofia yake. "Basi mseto wa kanisa nitaupika mie."

"Upike. Matufaha bado yako sokoni."

Jumapili Relph akamzuia mlangoni, kofia mkononi, akimwomba akae na waumini wengine mpaka atakapolainika. Thirza akakaa. Alikaa benchi la mwisho kabisa, karibu na ukuta, na wimbo ulipoanza akaimba sauti ya pili kutoka hukohuko nyuma, kwa nguvu, mpaka watu wakageuka na safu ya mbele ikayumba isijue imfuate Relph au imfuate yeye. Jumapili iliyofuata akafanya vilevile. Kama walidhani atalainika, walikuwa wanangoja jiwe liive.

Dinah naye alikuwa amepika mseto wake. Alitia chai baridi, akabana sukari, akajaza mitungi ya kioo, akaifunga kwa karatasi na uzi vizuri sana. Kabati la kanisa lilikuwa na unyevu, kwa hiyo akaipanga mitungi juu ya rafu, chumba cha nyuma, pale juu ya tanuri linalopasha kanisa joto. Thirza aliposikia hayo kwa muuza duka, alimngojea wifi yake barabarani.

"Dinah, toa ile mitungi pale. Matufaha mabichi, hayana ramu, sukari haba, halafu unayaweka juu ya moto? Yatachacha. Weka mahali pa baridi."

"Eti yatachacha! Una uchungu kwa sababu hawakukuomba wewe."

"Uchungu ninao. Lakini itoe."

"Nitaitoa siku ya chai," Dinah akajibu, akapita.

Sikio la kufa halisikii dawa. Siku moja kabla ya chai, alasiri, mlango wa nyuma wa Thirza ukagongwa, na huyo Dinah, ambaye hajawahi kubisha hodi maishani mwake, akawa amesimama nje. Aproni yake imetapakaa uji wa kahawia. Kwenye nywele zimenasa zabibu mbili. Na ananuka kama mlango wa baa siku ya mshahara.

"Imelipuka," akasema.

Thirza alimtazama kwanza. Kisha akacheka, akashindwa kujizuia, akashika kizingiti cha mlango. "Yote?"

"Karatasi zimeruka zenyewe! Nimeingia, nakuta povu linashuka ukutani. Wifi, ile ni pombe. Mie mwenyewe nimeifanya pombe, ndani ya nyumba ya Mungu!" Akaanza kulia, na hapo kicheko cha Thirza kikakatika. Akamvuta ndani, akampa kitambaa, akamwekea chai.

Dinah alipotulia alisema alichokuja kusema. "Nipe mtungi wako. Nitasema ni ule wangu. Bwana Relph nimeshazungumza naye. Hakutaka kusikia zaidi, alisema tu meza isikae tupu, na kwamba kesho urudi safuni kwako. Hakuna atakayekuuliza kitu."

Thirza alichochea moto wa jiko. Mtu asidhani hakutamani. Kwaya ilikuwa na wimbo mpya mwaka huo, wenye sauti ya pili nzuri kuliko zote alizowahi kusikia, na alikuwa ameuimba peke yake mbele ya sufuria mpaka akaukariri. Alichotakiwa kufanya ni kukaa kimya.

"Hapana," akasema. "Mseto wangu utaingia kwa mlango wa mbele, kwa jina lake, na ramu yake. La sivyo hauingii."

"Kwa nini?" Dinah akapiga meza. "Kwa nini unaing'ang'ania hiyo chupa? Ndiyo iliyomuua kaka yangu! Sijawahi kukuambia, leo nakuambia. Mtu mgonjwa wa pombe, mkewe anamwekea pombe kabatini!"

Kumbe hilo ndilo lililokuwa rohoni mwake miaka yote. Thirza akavuta kiti, akakaa mkabala naye.

"Sikiliza basi, maana na mimi sijawahi kukuambia. Siku ya kukoroga mseto, kila mtu wa nyumba anakoroga, sivyo? Anazungusha mwiko kwa kufuata jua, huku ananuia ombi lake. Kazi ya Lanty ilikuwa kumimina. Nilimpa chupa nzima mkononi, Dinah. Mtu ambaye angevua viatu akaviuza apate kikombe. Jasho linamtoka, mkono unatetemeka, kizibo kinagonga mdomo wa chupa. Anamimina mpaka nimwambie basi. Anaifunga. Ananirudishia. Kila mwaka, hata mwaka ule wa mwisho. Naiweka kabatini mbele yake, na kabati langu halina kufuli, na hakuigusa. Huko nje alianguka kila siku. Hapa, kwenye chupa hii, hakuanguka hata mara moja. Sasa mnataka nije kusema kwamba hiyo nayo ni aibu ya kufichwa? Nimemfichia aibu zake za kutosha. Hii siifichi."

Dinah aliitazama chai yake mpaka ikapoa. Kisha akainuka, akatoka, na safari hii akasahau kofia.

Kesho yake Thirza aliwasha jiko mapema. Akakata uzi wa mtungi wake, akaondoa kitambaa kilicholowekwa ramu, na mseto ukawa pale chini, mweusi, unang'aa, umelala salama kwenye baridi ya stoo. Akasukuma unga, akajaza pai, akaoka mpaka madirisha yakatoka jasho. Hakuna aliyemwagiza. Alasiri akavaa gauni lake jeusi, akabeba sinia kwa mikono miwili, akapanda kilima.

Kanisani watu walikuwa wamekaa, chai imemiminwa, na katikati ya meza ni patupu. Maneno yakakatika alipoingia. Akatembea mpaka katikati, akaweka sinia.

"Hizi pai zina ramu," akasema, kwa sauti ile ya kufikia benchi la mwisho. "Zilikuwa na ramu mwaka jana, na mwaka juzi, na mlizila. Anayetaka ale. Asiyetaka aache, na mimi simsemi. Lakini asizile huku amefumba macho."

Hakuna aliyenyoosha mkono. Watu wazima waliokuwa wakigombea pai hizo walikuwa wamepata ghafla mambo ya kuangalia ndani ya vikombe vyao. Relph alisimama, uso umemwiva. "Thirza, tulikuwa tumeelewana—"

"Mimi na wewe hatujaelewana chochote."

Kiti kikaburutwa. Dinah alikuwa amesimama, kichwa wazi, macho mekundu. Watu wakadhani anakuja kulitoa sinia, na Thirza mwenyewe akadhani hivyo, akalishika ukingo.

"Achia, wifi," Dinah akasema taratibu. Akaligeukia kanisa. "Ule wangu wa chai ulichacha ukawa pombe tupu, humu humu ndani. Nimeumwaga kijitoni. Jana nilitaka kuwalisha huu niwadanganye ni wangu, na Bwana Relph hapa akageuzia uso ukutani ili asijue."

"Dinah!" Relph akasema.

"Nimemaliza, Bwana Relph. Mie nina nadhiri yangu na sitazila." Akaliinua sinia. "Lakini hizi zimetoka nyumbani kwa kaka yangu, na nitazipitisha mwenyewe. Mama Hodgson, chukua."

Bibi kizee Hodgson, ambaye alishajiona karibu mno na kaburi hata asiwe na muda wa kuogopa wazee wa kanisa, akachukua mbili. Jirani yake akachukua moja. Dinah akaenda meza kwa meza, amenyoosha shingo, akimtazama kila mtu usoni mpaka aseme ndiyo au hapana. Wako waliosema hapana, akawapita bila neno.

Thirza hakungoja sinia limalize mzunguko. Alipanda mbele, akapita katikati ya wanakwaya waliokuwa wamekwisha kusimama tayari, akaingia safu ya pili, mahali pake. Wanawake wakasogea kumpisha.

Relph alikuja akasimama mbele yake. "Hatujalimaliza jambo hili," akasema kwa sauti ya chini.

"Hatujalimaliza," Thirza akakubali. "Tupe sauti ya kuanzia."

Mzee akaitazama safu ya pili. Safu ya pili nzima ilikuwa inamtazama Thirza. Akawapa sauti.