Marejesho ya Juni

Bertrand hakukubali kamwe mchango upitishwe benki. Kila Juni, serikali ya Uswidi iliporudisha kodi iliyokatwa kupita kiasi, wanachama wa umoja wa Warundi waliosoma shule za bweni walitoa sehemu yake kwa hiari, kuzisaidia familia za askari wa kwao waliotumwa Mogadishu. Zawadi ya heshima, alishikilia Bertrand, mwenyekiti wao, hukabidhiwa mkono kwa mkono, na mtoaji huvaa inavyostahili. Ndivyo walivyofunzwa bwenini, na kuhamia Stockholm hakukubadili neno.

Mwaka 2011 zamu ya kupokea ilimwangukia Dancille, mama wa Ariane, aliyekaa Akalla, kitongoji cha Stockholm. Mumewe, Révérien, alikuwa akingoja kibali cha kumfuata Uswidi jeshi lilipompeleka Somalia. Gabrieli, mweka hazina, alishauri wampigie mama huyo simu kwanza. Bertrand alikataa; zawadi haitangazwi. Ndani ya treni Gabrieli alizitazama suti zao nyeusi, akanong'ona kwamba walichokosa ni jeneza tu. Bertrand hakucheka.

Dancille aliwaona kutoka dirishani wakivuka uwanja. Mumewe hakuwa amepiga simu tangu juma lililopita, na redio ilikuwa imetaja mapigano. Kwao habari ya kifo haipelekwi kwa simu: huja watu wazima, pamoja, wamevaa vizuri, bila kutanguliza taarifa.

Walibisha. Mlango haukufunguliwa. Kilichoinuka ni kifuniko cha tundu la barua lililokuwa katikati ya mlango.

"Mzee Bertrand, semeni mkiwa huko huko nje."

"Mama Ariane, tumekuletea mchango wa wenzako. Habari nyingine hatuna."

"Yuko hai?"

Gabrieli alimvuta mwenzake mkono wa koti, akimsihi kwa macho aseme ndiyo. Bertrand alinyoosha mgongo. Hakuwa mtu wa kusema asilolijua.

"Sijui."

"Mtu hajui, na amekuja na suti nyeusi siku ya kazi?" Sauti ilikuwa ya chini, karibu ya upole. "Ondokeni, mzee. Mkiondoka, bado ninaye."

Kifuniko kikashuka. Gabrieli alitaka waiache bahasha mlangoni waende zao. Bertrand alijibu kwamba hawezi kutia hofu nyumba ya watu kisha akaikimbia. Atasimama pale mpaka mama afungue na kuamini.

Ndani, simu ikaita. Iliita mpaka ikakatika, ikaanza upya. Bertrand akainama, akakisukuma kifuniko kwa vidole.

"Pokea, mama. Msiba wa kwetu hauji kwa simu. Huyo ni yeye."

Hilo nalo hakulijua.

Simu ikapokelewa. Walimsikia akiitika kwa Kirundi, kisha akiitika tena polepole zaidi. Ufunguo ukazunguka. Dancille alisimama kizingitini, simu ameishika mbali na sikio.

"Ni kamanda wake," alisema. "Anauliza kama nina watu wazima karibu nami."

Akamnyooshea Bertrand simu.