Milimita Sita

Fundi wa vitako vya bunduki alikuwa na tabia moja ambayo kila mteja wake aliijua: hakati mbao mpaka akupime ukereke. Ukimpelekea bunduki yako ya kulengea visahani vya udongo vinavyorushwa hewani, kwanza ataifungua aone kama ina risasi, ataifungua tena, kisha atakusimamisha katikati ya karakana na kukwambia ufumbe macho, uipandishe begani, ulaze shavu juu ya kitako, ndipo ufumbue. Yeye anasimama mbele yako kuangalia jicho limekaa wapi juu ya mtutu. Anaandika daftarini. Halafu anakwambia rudia, maana mara ya kwanza kila mtu hujinyoosha kama anapigwa picha. Ndiyo maana wakambandika jina la Milimita, na yeye, pamoja na kununa kwake kote, alilipenda.

Basi huyohuyo Milimita, mtu wa kupima na kupima tena, ndiye aliyemkatia dada yake kitako bila kumpima.

Na si dada wa mbali. Ni dada yake wa tumbo moja, mkubwa wake kwa miaka kumi na miwili, aliyemlea baada ya mama yao kufariki na kumnunulia patasi yake ya kwanza. Alikuwa mwalimu wa hesabu. Siku za kazi alisumbuana na wanafunzi na hesabu za sehemu darasani, Jumamosi akaenda kiwanjani kupasua visahani, na katika ishirini na tano akikosa vitatu, mumewe alisema, nyumbani siku hiyo hapakaliki.

Kisha akaugua. Mwezi mmoja ukawa mitano. Kitandani hospitali hakuulizia nyumba wala nguo, aliulizia kiwanja. Nikitoka, alisema, nitarudi kulenga, na nikiweza kulenga nitaweza kusimama darasani. Milimita alikwenda kumwona mara mbili tu. Mara ya kwanza alikaa robo saa akiangalia dripu. Mara ya pili aliishia kwenye korido, akampa nesi matunda, akageuza. Kazi zimenibana, alimwambia shemeji yake. Uongo mtupu. Karakana ilikuwa imelala. Hakuwa na moyo wa kumwona dada yake vile alivyokonda, basi.

Aliporuhusiwa, dada alikuja karakana na bunduki yake. Kitako kilikuwa kimepasuka, mumewe aliiangusha alipokuwa akihamisha kabati.

"Shemeji yako amenitunzia kila kitu," dada alisema, "isipokuwa hiki nilichomwomba atunze."

Akasimama pale katikati, akafumba macho bila kuambiwa, kama mtu anayeijua ibada ya mahali.

"Haya, nipime."

Milimita alikuwa ameinamia meza, anapuliza vumbi la mbao ambalo halikuwepo.

"Nikupime nini tena? Vipimo vyako ninavyo daftarini. Nakujua kama kiganja cha mkono wangu. Kapumzike, dada."

Dada akafumbua macho, akamtazama mgongo kitambo, akaondoka.

Uso umeumbwa na haya, na Milimita alikwepa uso mzima ili asione mashavu. Sasa shida ni kwamba kitako chote kinategemea shavu. Shavu likipungua nyama, jicho linashuka. Jicho likishuka, mlengaji haoni vizuri juu ya mtutu, anaona kisogo cha bunduki, na marisau, zile chembe za risasi, yanapita chini. Milimita sita shavuni ni shubiri nzima kule kisahani kinakopita. Mambo haya Milimita alikuwa akiwahubiria watu mpaka wanapiga miayo.

Jumamosi ya kwanza na kitako kipya dada alipasua visahani tisa. Ya pili, saba. Ya tatu Milimita akaenda kiwanjani mwenyewe, akasimama nyuma yake. Kila risasi ilipita chini. Si leo juu kesho kulia, hapana, chini, chini, chini. Mikono ya dada ilikuwa imetulia kabisa. Milimita akaliangalia lile shavu lililozama kwenye mbao yake nzuri ya kung'aa, na akaelewa papo hapo.

Angesema pale pale. Neno moja tu: nimekosea. Lakini dada angeuliza umekosea vipi, na jibu la hilo lilikuwa kwenye korido ya hospitali.

"Mazoezi tu, dada," alisema. "Utazoea."

Hebu fikiria mtu anamwambia hivyo aliyemlea. Akarudi karakana, na tangu siku hiyo kila alipofungua daftari roho ilimsuta. Jumamosi zikapita. Alijiambia nitamwambia wiki ijayo, na wiki ijayo nayo ina wiki yake ijayo.

Siku moja shemeji akaingia karakana na lile boksi la bunduki kwapani. Kwa kawaida hawa wawili wakikutana ni utani tu, huyu anamwita mwenzake mwizi wa dada, yule anadai arudishiwe mahari. Siku hiyo shemeji aliliweka boksi mezani bila neno la mzaha.

"Itafutie mtu wa kuinunua. Hataki kuiona."

"Mwambie apunguze haraka."

"Shemeji, jana nimemkuta jikoni amenyoosha mkono, ameshika kijiko, anaangalia kama kinatetemeka. Hakitetemeki. Lakini haamini. Anasema ugonjwa umemla macho na mikono, kabaki nusu mtu. Ameandika barua ya kuacha kazi. Jumatatu anaipeleka kwa mkuu wa shule."

Milimita alikaa kwenye kigoda. Mficha maradhi kifo humuumbua, na maradhi yenyewe yalikuwa yake, ila anayeumbuka ni mtu mwingine. Akachukua daftari, karatasi ngumu, mkasi na utepe wa kunata, akabeba na boksi, akaondoka na shemeji yake.

Dada alikuwa mezani, barua mbele yake ndani ya bahasha. Milimita alisema akiwa bado amesimama, maana alijua akikaa atapata kisingizio.

"Dada, macho yako mazima. Kitako ndicho kibovu. Nilikikata kwa vipimo vya miaka minne iliyopita."

Dada hakushtuka. Alinyoosha ile bahasha ilingane na ukingo wa meza.

"Ulijua lini?"

Hapo angeweza kusema leo asubuhi. Shemeji alikuwepo, angemsaidia hata kuapa.

"Jumamosi ya tatu."

"Leo tuko ya kumi na moja." Alikuwa mwalimu wa hesabu, hakuhitaji vidole. "Nane. Katika hizo nane nimekwenda kwa daktari wa macho mara mbili. Akaniambia sina tatizo, nikamwona mwongo. Daktari wa watu nikamwona mwongo, nikakuamini wewe."

Milimita akaliweka boksi mezani.

"Kwa nini hukunipima?"

"Niliogopa kukutazama."

Shemeji akajifanya anatafuta chumvi. Kisha dada akainuka, akaitoa bunduki kwenye boksi, akaifungua, akamwonyesha matundu mawili matupu. Milimita akayaangalia, akayaangalia tena, kama desturi. Dada akaifunga, akafumba macho, akaipandisha begani, akalaza shavu, akafumbua.

"Haya. Nitazame."

Akamtazama. Aliona mfupa wa shavu, ngozi iliyolegea chini ya jicho, nywele zinazoanza kurudi nyeupe pembeni. Machozi yalimtoka na hakuyafuta, mikono ilikuwa na kazi. Alikata karatasi, akaiweka mgongoni mwa kitako, akabandika utepe, akamwambia rudia. Aliongeza ya pili, ya tatu, mpaka jicho likakaa mahali pake.

"Milimita sita," alisema.

"Andika. Na tarehe uiweke."

Jumamosi ile ile, jioni, dada alisimama kiwanjani na kitako kilichofungwa utepe kama mguu wa mgonjwa. Kisahani cha kwanza kikawa vumbi. Cha pili pia. Shemeji alikuwa akihesabu kwa sauti kama mnadi. Milimita naye alifurahi kwa kila kimoja, na kwa kila kimoja akakumbuka kwamba wiki nane nzima vingepasuka hivihivi, kwa karatasi tatu na neno moja. Vilifika ishirini na moja.

Dada akaifungua bunduki, akatoa ile bahasha mfukoni. Shemeji akanyoosha mkono aichane.

"Hapana," dada alisema, akampa mdogo wake. "Weka kwenye daftari lako, ukurasa wangu. Siipeleki tena, ila kila ukinipima uione."

Milimita akaipokea kwa mikono miwili.